Robert Peel na Bei ya Mkate

Wenzangu tuliosoma pamoja watakumbuka somo la historia la kidato cha nne, tulipokariri kwamba Sheria za Nafaka za Uingereza zilifutwa mwaka 1846. Niliijua tarehe, nikapata alama yangu, nikasahau mengine. Ni baada ya Chuo Kikuu, na miaka mingi ya kuandaa taarifa za bei za vyakula ofisini, ndipo nilipomwelewa mtu aliyezifuta.

Robert Peel alizaliwa mwaka 1788 huko Lancashire, mtoto wa tajiri wa viwanda vya pamba. Alisoma Oxford, akaingia Bungeni mwaka 1809 akiwa na miaka 21. Mwaka 1829, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliunda jeshi la polisi la London.

Bunge la siku hizo lilijaa wenye ardhi. Mwaka 1815 lilizuia ngano ya kigeni isiuzwe nchini mpaka ile ya nyumbani ifikie shilingi 80 kwa kota, kipimo cha zaidi ya kilo 200. Baadaye katazo hilo liligeuzwa kuwa ushuru, lakini shabaha ilikuwa ile ile: bei isishuke. Mwenye ardhi alipata kodi nono. Mfanyakazi wa kiwandani alinunua mkate kwa taabu, na mara nyingi hakuwa na kura. Wakulima wengi waliokodi mashamba walikuwa nayo, lakini hadi mwaka 1872 kura ilipigwa hadharani, na mwenye shamba alijua nani kamchagua nani. Basi Peel aliposhinda uchaguzi wa mwaka 1841 na chama chake cha Conservative, wabunge wake wengi walikuwa wametumwa na majimbo ya mashambani kuilinda ngano.

Mwaka 1845 ugonjwa uliozesha viazi vya Ireland, chakula cha maskini. Peel aliagiza kwa siri mahindi ya Marekani ya thamani ya pauni 100,000. Alikwisha kuanza kuitilia shaka sheria ile; sasa aliona haifai kutoza ushuru chakula huku watu wana njaa.

Tarehe 15 Mei 1846 muswada wa kuifuta ulipita kwa kura 327 dhidi ya 229. Zaidi ya wabunge 200 wa chama chake walimpinga, Disraeli akiwa mstari wa mbele. Waliomwokoa ni wapinzani. Tarehe 25 Juni Baraza la Malodi liliupitisha, na usiku ule ule wabunge wake wenye hasira walisaidia kuuangusha muswada wake mwingine. Siku nne baadaye akajiuzulu. Chama chake hakikupata tena wingi wa viti mpaka mwaka 1874.

Tuseme kweli: hatua hiyo haikuiokoa Ireland. Ushuru ulipunguzwa polepole hadi mwaka 1849, na watu wapatao milioni moja walikufa katika njaa ile. Peel mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi, akafa tarehe 2 Julai 1850.

Ninyi mlioko madarasani leo, msiikariri tarehe tu. Kila sheria ipitapo Bungeni, ulizeni nani anauza, nani ananunua, na nani kati yao ana kura. Peel aliliuliza swali hilo akiwa madarakani, na jibu lake likamgharimu kiti.