Louis-Hippolyte La Fontaine na Hadhi ya Kifaransa Nchini Kanada

Katika masomo ya sera ya lugha, Kanada hutajwa mara kwa mara kuwa mfano wa taifa lenye lugha mbili rasmi, Kiingereza na Kifaransa. Ni nadra kukumbukwa kwamba kuna wakati ambapo sheria ilikiondoa Kifaransa katika maandishi yote ya Bunge la huko. Makala haya yanasimulia maisha ya Louis-Hippolyte La Fontaine, aliyekuwa mstari wa mbele katika kukirudisha.

La Fontaine, mwana wa seremala, alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1807 huko Boucherville, karibu na Montreal. Koloni hilo, lililoitwa Kanada ya Chini, lilikuwa limetoka mikononi mwa Wafaransa na kuingia mikononi mwa Waingereza mwaka wa 1763. Hata hivyo, wakazi wengi waliendelea kuzungumza Kifaransa na kufuata sheria za kiraia zenye asili ya Kifaransa. La Fontaine alisomea uanasheria, na mwaka wa 1830 akachaguliwa kuwa mbunge wa Terrebonne. Siku hizo alikuwa mfuasi wa Louis-Joseph Papineau, kiongozi aliyepinga utawala wa gavana na washauri wake wasiochaguliwa na raia.

Upinzani huo ulipogeuka kuwa vita mwaka wa 1837, La Fontaine hakushika silaha. Alimsihi gavana aitishe kikao cha Bunge, kisha akasafiri hadi London kuwatetea watu wake. Pamoja na hayo, alikamatwa mwaka wa 1838 na kutiwa gerezani kwa muda mfupi, akaachiliwa bila kushtakiwa. Papineau alikuwa amekwisha kukimbilia uhamishoni, na Wakanada wenye asili ya Kifaransa wakabaki bila kiongozi.

Serikali ya Uingereza ilimtuma Lord Durham kuchunguza chanzo cha maasi. Katika ripoti yake ya mwaka wa 1839, Durham alipendekeza Kanada ya Chini iunganishwe na Kanada ya Juu, iliyokaliwa na wasemaji wa Kiingereza, akitarajia kwamba Wafaransa wangemezwa polepole na lugha na desturi za Kiingereza. Sheria ya Muungano ikapitishwa mwaka wa 1840. Kila upande ulipewa viti 42 bungeni, ingawa Kanada ya Chini ilikuwa na watu wengi zaidi.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinastahili kusomwa kwa makini. Hakikumkataza mbunge kuzungumza Kifaransa. Kiliagiza tu kwamba kumbukumbu na hati zote za Bunge ziandikwe kwa Kiingereza pekee. Tafsiri iliruhusiwa, ila isiwekwe miongoni mwa kumbukumbu, wala isihesabiwe kuwa na nguvu ya hati ya asili. Kwa maneno mengine, Kifaransa kiliachiwa mdomo, kikanyang'anywa kalamu.

Wengi wa wenzake La Fontaine walitaka Muungano uvunjwe mara moja. Yeye aliuona kuwa dhuluma, na akawaeleza hivyo wapiga kura wa Terrebonne katika waraka wa Agosti 1840. Hata hivyo, aliona pia kwamba wapenda mageuzi wa Kanada ya Juu walikuwa na kilio kile kile: walitaka serikali inayowajibika kwa wabunge badala ya gavana. Francis Hincks wa Toronto alikuwa amemwandikia barua nyingi akimhimiza waungane. La Fontaine akakubali.

Uchaguzi wa mwaka wa 1841 ulikuwa mtihani wa kwanza wa muungano huo. Huko Terrebonne, kituo cha kupigia kura kiliwekwa katika kijiji cha wasemaji wa Kiingereza, na wafuasi wa mpinzani wake wakafika wakiwa na marungu. La Fontaine alijiondoa ili damu isimwagike. Ndipo Robert Baldwin, kiongozi wa wanamageuzi wa Kanada ya Juu, alipomwombea kiti katika wilaya ya York, kaskazini mwa Toronto. Septemba mwaka huo, wakulima wanaozungumza Kiingereza walimchagua Mfaransa Mkatoliki kuwa mbunge wao. Fadhila hiyo ililipwa mwaka wa 1843, Baldwin aliyekuwa amekosa kiti alipochaguliwa na wakazi wa Rimouski, wasemaji wa Kifaransa. Baldwin pia aliwapeleka watoto wake kusoma Kifaransa.

Tarehe 13 Septemba 1842, Bunge likiwa mjini Kingston, La Fontaine alisimama na kuanza kuhutubia kwa Kifaransa. Alikatizwa na kutakiwa atumie Kiingereza. Alikifahamu Kiingereza, lakini alikataa, akieleza kwamba hata kama angekimudu sawasawa na lugha yake ya kwanza, hotuba yake ya mwanzo ingekuwa ya Kifaransa ili kupinga dhuluma ya Sheria ya Muungano. Siku chache baadaye aliingia serikalini pamoja na Baldwin. Walijiuzulu mwaka wa 1843 baada ya kutofautiana na gavana mpya kuhusu uteuzi wa maafisa, wakarudi madarakani Machi 1848 kwa ushindi mkubwa, La Fontaine akiwa kiongozi wa serikali.

Agosti 1848, Bunge la Uingereza lilifuta masharti ya kifungu cha 41. Tarehe 18 Januari 1849, gavana Lord Elgin alifungua Bunge mjini Montreal kwa kusoma hotuba yake kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. Elgin alikuwa mkwewe Durham, yule yule aliyetarajia Wafaransa wamezwe.

Ushindi huo haukukosa gharama. Papineau, aliyekuwa amerejea bungeni, alimshutumu La Fontaine kwa kuukubali Muungano. Kwa upande wa pili, Waingereza wenye msimamo mkali walikasirishwa na sheria ya kuwafidia walioharibiwa mali wakati wa maasi. Elgin alipoitia saini tarehe 25 Aprili 1849, waandamanaji waliliteketeza jengo la Bunge pamoja na maktaba yake, na nyumba ya La Fontaine ikavamiwa.

La Fontaine alistaafu siasa mwaka wa 1851, akawa jaji mkuu wa Kanada ya Chini mwaka wa 1853, na kufariki Montreal tarehe 26 Februari 1864. Miaka mitatu baadaye, kifungu cha 133 cha katiba ya shirikisho kiliamuru kumbukumbu na sheria za Bunge la Kanada ziwe katika lugha zote mbili. Sheria ya Lugha Rasmi ya mwaka wa 1969 na Mkataba wa Haki wa mwaka wa 1982 zikapanua hadhi hiyo.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya kuyatafakari maisha haya. Kiswahili kiliingia katika Bunge la Kenya mwaka wa 1974, na Katiba ya 2010 ikakifanya lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini kifungu cha 259 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba matini za lugha mbalimbali zikihitilafiana, ile ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. La Fontaine angeitambua hali hiyo mara moja. Alijua kwamba lugha inayosemwa bungeni imepiga hatua, ila lugha ambayo maandishi yake yana nguvu mbele ya jaji ndiyo iliyofika. Alijua vilevile kwamba safari hiyo haiendwi na wasemaji wa lugha moja peke yao.