Jane Austen

Jane Austen (16 Desemba 1775 – 18 Julai 1817) alikuwa mwandishi wa riwaya kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa riwaya sita zinazohusu mapenzi, ndoa na fedha katika familia za wenye ardhi na za makasisi wa vijijini. Hakuolewa, na jina lake halikuchapwa kwenye kitabu chake chochote alipokuwa hai. Hata hivyo hadithi zake za mapenzi zimesomwa kwa zaidi ya miaka 200.

Maisha

Alizaliwa katika kijiji cha Steventon, Hampshire, akiwa mtoto wa saba kati ya wanane wa George Austen, kasisi wa Kanisa la Anglikana, na mkewe Cassandra Leigh. Ndugu zake wa kiume walikuwa sita. Dada alikuwa mmoja tu, Cassandra, ambaye alikuwa msiri wake mpaka kifo. Alisoma shule ya bweni mjini Reading kwa muda mfupi, lakini sehemu kubwa ya elimu yake aliipata nyumbani, katika vitabu vya baba yake.

Akiwa na umri wa miaka 20 alivutiwa na Tom Lefroy, kijana kutoka Ireland. Wote wawili hawakuwa na mali, na uhusiano wao haukufika mbali. Mwaka 1797 mchumba wa Cassandra alifariki kwa homa ya manjano huko Karibi, naye Cassandra hakuolewa tena.

Desemba 1802 Jane aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa mali kubwa. Alikubali jioni, na asubuhi yake akabadili uamuzi. Ndoa hiyo ingempatia nyumba na kuwahakikishia wazazi na dada yake maisha ya uzeeni. Baba alipofariki mwaka 1805, mama na mabinti wawili walibaki wakitegemea michango ya ndugu wa kiume, wakihamahama kati ya Bath na Southampton. Mwaka 1809 ndugu yao Edward, aliyekuwa amelelewa na kurithishwa na jamaa matajiri, aliwapa nyumba katika kijiji cha Chawton.

Riwaya

Mwaka 1797 baba yake alimwandikia mchapishaji mmoja wa London kuhusu mswada wa binti yake, akakataliwa bila mswada kusomwa. Mwaka 1803 mswada mwingine uliuzwa kwa pauni 10, lakini mnunuzi hakuuchapisha.

Akiwa Chawton alitoa Sense and Sensibility (1811) kwa gharama yake mwenyewe. Kitabu kilieleza tu kwamba mtunzi ni mwanamke. Nakala zote ziliuzwa, akapata faida ya pauni 140. Zikafuata Pride and Prejudice (1813), ambayo hakimiliki yake aliiuza kwa pauni 110, Mansfield Park (1814) na Emma (Desemba 1815). Northanger Abbey na Persuasion zilitoka pamoja baada ya kifo chake, na hapo ndipo ndugu yake Henry alipomtaja hadharani kuwa mtunzi.

Sababu za kupendwa

Katika riwaya zake, kila posa inahusu pia riziki. Katika Pride and Prejudice, nyumba ya familia ya Bennet inaweza kurithiwa na mwanamume tu, na wazazi wana mabinti watano. Elizabeth anamkataa mrithi huyo, Bw. Collins, ingawa ndoa hiyo ingeiokoa nyumba. Rafiki yake Charlotte, mwenye miaka 27 na asiye na mali, anamkubali. Mtunzi hamfanyi Charlotte kuwa mjinga: msomaji anaelewa sababu zake, na kwa hiyo anaona pia ukubwa wa hatari aliyoikubali Elizabeth. Ndiyo maana furaha yake ya mwishoni haionekani kuwa ya bure.

Pili, wapenzi wake hujifunza. Darcy na Elizabeth wote wawili hutambua walivyokosea kabla ya kuoana. Katika Persuasion, Anne Elliot alishauriwa kumwacha Wentworth kwa kuwa hakuwa na mali. Wanapokutana tena baada ya miaka minane, kila mmoja hana budi kupima upya yaliyopita.

Tatu ni ucheshi wake. Huchanganya sauti ya msimulizi na mawazo ya mhusika, hivyo msomaji humcheka mhusika huku akifikiri pamoja naye. Katika Emma msomaji hupotoshwa mara nyingi na makosa ya Emma mwenyewe.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki mjini Winchester akiwa na miaka 41, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Maandishi ya jiwe la kaburi yanasifu tabia na akili yake bila kutaja vitabu vyake. Cassandra alichoma sehemu kubwa ya barua zake. Zimebaki 160 hivi.

Riwaya zake zimetengenezewa filamu na tamthilia nyingi za televisheni, zikiwemo Pride and Prejudice ya BBC (1995) na Bride and Prejudice (2004), inayohamishia hadithi hiyo India. Tangu mwaka 2017 picha yake imo kwenye noti ya pauni 10 ya Benki Kuu ya Uingereza.