Ngala, Mwambao na Majimbo

Mwanafunzi mmoja hapa Msambweni aliniuliza kama marehemu Ronald Ngala aliwasaliti Wapwani. Swali zito. Ngala, mwalimu kama mimi, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957, miongoni mwa Waafrika 8 wa kwanza kuchaguliwa. Baadhi ya wenyeji walipodai ukanda wa maili 10, Diani na Msambweni yetu ikiwemo, ujitenge na Kenya, yeye aliwapinga waziwazi. Wala hakukubali Nairobi imeze kila kitu. Ndiyo sababu chama chake cha KADU kilipigania majimbo hadi yakaingia katika katiba ya 1963. Kuyafuta kulihitaji robo tatu ya kura za Bunge na tisa kwa kumi za Seneti. Novemba 1964 akakivunja chama, akavukia upande wa serikali, na kinga hiyo ikaanguka. Kweli wabunge wake walikuwa wakimtoroka. Hata hivyo, naona aliharakia. Kusaliti ni neno jingine, nami silitumii.

Alifariki tarehe 25 Desemba 1972, baada ya ajali ya gari. Serikali ya Kaunti ya Kwale ilipoanza kazi mwaka 2013, alikuwa kaburini miaka 40.