Thomas Edison na nyaya tatu za gereji yako

SHAKOPEE, Minnesota – Ndugu zetu wengi wanaonunua nyumba huku hugeuza gereji kuwa karakana. Siku wanapoleta msumeno mkubwa wa meza au mashine ya kuchomelea ndipo wanapogundua kuwa soketi ni za volti 120, na mashine inataka 240. Wengine hudhani lazima iletwe laini mpya kutoka barabarani. Kwa kawaida 240 tayari ipo kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba, na aliyeanzisha mpango huo Marekani ni marehemu Thomas Edison.

Edison alizaliwa Milan, jimbo la Ohio, Februari 11, 1847. Shuleni hakukaa sana, mama yake ndiye aliyemfundisha. Utotoni aliuza magazeti ndani ya treni, kisha akafanya kazi ya telegrafu, ingawa masikio yake yalikuwa mazito. Mwaka 1879 akatoa balbu iliyoweza kuwaka saa nyingi, na Septemba 4, 1882 akawasha kituo cha umeme cha Pearl Street, New York.

Hapo ndipo shaba ilipomtesa. Umeme wa volti 110 ulidai nyaya nene, na shaba ilikuwa ghali. Akaunganisha jenereta mbili zifuatane, akatoa waya wa tatu katikati yao. Ukipima kutoka waya wa katikati hadi wa pembeni unapata 110. Kati ya zile mbili za pembeni, 220. Shaba iliyohitajika ikapungua kwa zaidi ya nusu. (Mwingereza John Hopkinson alibuni jambo hilo hilo kivyake.) Julai 4, 1883 mpango huo ulianza kazi Sunbury, Pennsylvania.

Lakini mzee alikuwa mbishi. Westinghouse aliponunua hataza za Tesla za mkondo geu mwaka 1888, Edison aliupiga vita mkondo huo, hata mbwa wakauawa kwa umeme katika maabara yake ili watu waogope. Alishindwa. Mwaka 1892 kampuni yake iliunganishwa na nyingine ikawa General Electric, jina lake likaachwa. Alifariki Oktoba 18, 1931. Umeme wake wa mkondo mnyoofu ulikatwa kabisa New York Novemba 2007.

Nyaya tatu zimebaki, sasa zikibeba mkondo geu. Fundi aliyejifunzia Dar es Salaam au Mombasa awe mwangalifu: kule waya mmoja tu ndio wenye moto, huku msumeno wa 240 hutumia miwili. Swichi ya kwenye kisanduku lazima ikate yote miwili kwa pamoja. Ukikata mmoja, mashine itanyamaza, lakini ukiigusa ndani bado inaua.

Minnesota inamruhusu mwenye nyumba anayeishi humo kufunga nyaya mwenyewe, kwa kibali na ukaguzi. Mpangaji hana ruhusa hiyo.