Bob Marley: kansere iliyoanzia chini ya ukucha

Goma, Bukavu, Bunia, Uvira: hakuna muji ambamo watu hawamujui Bob Marley. Picha yake iko kwenye tisheti na kwenye kuta za nyumba za kunyolea, na nyimbo zake zinapigwa katika baa mpaka leo. Lakini ukiuliza ni nini kilimuua, utasikia majibu mengi. Wamoja wanasema ni risasi. Wengine wanasema alitegewa sumu ndani ya kiatu. Wengine tena wanasema ni mupira. Kumbe aliuawa na kansere ya ngozi, na ilianzia kwenye kidole cha muguu.

Robert Nesta Marley alizaliwa tarehe 6 mwezi wa pili 1945, katika kijiji cha Nine Mile, inchi ya Jamaika. Mama yake, Cedella, alikuwa binti mweusi wa kijiji. Baba yake, Norval Marley, alikuwa Muzungu, na hakukaa na familia. Bob alipofikia miaka 12 hivi, alihamia na mama yake Kingston, wakaishi katika kartie ya wamaskini inayoitwa Trench Town. Alipoacha masomo, alijifunza kazi ya kusudea. Siku moja kipande cha chuma kikamurukia katika jicho, na kisha hapo akaona ni afazali kuimba. Mwaka wa 1963, yeye na marafiki wake Peter Tosh na Bunny Wailer walianzisha kikundi cha Wailers.

Miaka kumi baadaye, Ulaya na Amerika walikuwa wamekwisha kusikia muziki wa reggae. Bob alikuwa Rasta, na nyimbo zake zilisema juu ya haki ya watu weusi. Nyumbani kwake Jamaika, vyama viwili vya siasa vilikuwa vinapigana kwa bunduki. Tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1976, watu wenye silaha waliingia katika nyumba yake Kingston, wakamupiga risasi yeye, bibi yake Rita na meneja wake. Wote walipona. Siku mbili nyuma, alipanda jukwaani na kuimba mbele ya watu wengi, kisha akaondoka kwenda London. Kwa hiyo, risasi ilimugusa kweli, lakini si ile iliyomumaliza.

Bob alipenda mupira sana, alicheza kila mahali alipoenda kuimba. Katika mwezi wa tano 1977, alipokuwa Paris, alichezea mupira na akaumia kidole kikubwa cha muguu wa kuume. Kila mutu aliwaza kwamba ni kidonda cha kawaida cha muchezaji. Aliendelea kuimba na kuruka jukwaani. Kidole hakikupona. Alionana na waganga wawili mbele ya kukatwa kipande kidogo cha nyama ili kipimwe. Katika mwezi wa saba, jibu lilitoka: melanoma, ni kusema kansere ya zile chembe zinazotoa rangi ya ngozi.

Mupira haukuleta ugonjwa huo. Kansere ilikuwa tayari chini ya ukucha, na kuumia kulifanya tu watu waangalie mahali pale. Wala jua halikuileta. Aina hiyo ya melanoma inatokea kwenye viganja vya mikono, kwenye nyayo na chini ya kucha, mahali ambapo jua halichomi sana. Ni kweli kwamba watu weusi wanapata melanoma mara chache kuliko Wazungu. Lakini inapowapata, mara nyingi ni aina hiyo, na mara nyingi inaonekana kwa kuchelewa, kwa sababu hakuna anayeiwazia.

Waganga walimushauri akatwe kidole kizima. Alikataa. Imani yake ya Rasta haikupenda mwili ukatwe, na tena aliogopa kwamba hataweza kucheza jukwaani kama zamani. Si kwamba alikataa matibabu yote, kama wengine wanavyosimulia. Huko Miami, alifanyiwa operesheni ndogo: waliondoa ukucha na nyama iliyo chini yake, kisha wakachukua ngozi ya paja na kufunika kidonda. Safari ya kuimba Amerika ikafutwa. Hakuna anayeweza kuapa kwamba kukata kidole kungemuokoa. Lakini kuondoa kansere yote mbele isambae ndiyo njia iliyokuwa na nguvu zaidi.

Kwa miaka mitatu, alionekana muzima. Mwezi wa ine 1978, alirudi Kingston na kuwashikanisha mikono wakubwa wa vyama viwili vilivyokuwa vinapigana, Michael Manley na Edward Seaga, mbele ya watu wote. Mwanzoni mwa 1980, aliimba Libreville, Gabon. Mwezi wa ine wa mwaka huo, aliimba Salisbury, leo Harare, usiku ule Zimbabwe ilipopata uhuru.

Tarehe 21 mwezi wa kenda 1980, alianguka alipokuwa anakimbia mazoezi katika bustani ya Central Park, New York. Kansere ilikuwa imefika katika ubongo. Siku mbili nyuma, aliimba Pittsburgh, mara yake ya mwisho. Matibabu yalimumaliza nywele na nguvu. Alienda Ujerumani kwa munganga Josef Issels, ambaye alikuwa na njia yake ya pekee ya kutibu, lakini hali haikubadilika. Alipokuwa njiani kurudi Jamaika, alizidiwa, ikabidi abakie Miami. Alikufa huko tarehe 11 mwezi wa tano 1981. Alikuwa na miaka 36. Alizikwa Nine Mile, kijiji alimozaliwa.

Waganga wa ngozi wanataja kisa chake mpaka leo, juu dalili zake mutu anaweza kuziona mwenyewe. Musitari mweusi kwenye ukucha moja tu, unaoendelea kupanuka. Weusi unaotoka kwenye ukucha na kuingia katika ngozi ya pembeni. Alama kwenye unyayo ao kiganja inayokua, inayobadilika rangi ao kutoka damu. Kidonda cha kidole kisichopona kisha wiki nyingi. Watu weusi wengi wana misitari kwenye kucha kadhaa bila ugonjwa wowote, kwa hiyo si kila weusi ni kansere. Anayejua ni munganga, kisha kupima kipande cha nyama.

Alama ya namna hiyo haifai kukatwa kwa wembe nyumbani wala kuchomwa kwa dawa kali, kwa sababu hapo ugonjwa unafichika na siku zinapita. Katika majimbo ya mashariki, waganga wa ngozi si wengi, lakini kituo cha afya kinaweza kuandika karatasi ya kumutuma mugonjwa kwenye hospitali kubwa. Alama ikikutwa ingali ndogo, mara nyingi operesheni nayo inakuwa ndogo, na muguu unabaki.