Mutisya Munge: Msee wa Wamunyu Aliyeweka Sanaa ya Ukambani kwa Ramani

Cheki, kuna msee umeona kazi yake mara mia na bado hujui jina lake. Ule twiga wa mbao kwa kabati ya mathe. Yule morani mwembamba ameshika mkuki. Vile vijiko vina kichwa cha pundamilia. Ukifuata hiyo njia mpaka mwanzo, unafika kwa Mutisya Munge wa Wamunyu.

Naandika hii nikiwa Kalama, huku pande za Kola. Wamunyu si mbali, unaenda Machakos mjini, unashika matatu za Kitui, umefika. Lakini mtaje kwa base yoyote ya vijana huku uone vile watakuangalia. Hiyo ndiyo imenifanya nikuletee hii stori.

Usidhani Wakamba walifunzwa kuchonga na mtu. Kitambo walikuwa na vistuli vya miguu mitatu, fimbo za wazee, vijiko na vikopo vya ugoro. Mutisya alikuwa fundi wa hizo vitu. Tofauti ni kwamba zilikuwa za matumizi nyumbani, si za mgeni kupeleka kwao.

Halafu 1914 vita ikalipuka. Mwingereza na Mjerumani wakaleta ugomvi wao hadi huku, na Waafrika wakasombwa kwenda kubeba mizigo. Hicho kikosi cha wapagazi ndicho kiliacha jina Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar. Watu walikufa kwa maelfu, wengi wakimalizwa na njaa na magonjwa kuliko risasi.

Mutisya alijipata kwa hiyo vita, upande wa Tanganyika. Simulizi inayojulikana sana inasema alikutana na wachongaji wa Kizaramo huko Maneromango, karibu na Dar. Wengine husema ni Wamakonde. Kitu kimoja kinakubalika: aliona watu wakitoa sanamu za binadamu na wanyama kwa mpingo, na wakilipwa. Hapo akashika rada.

Vita ikaisha, akarudi Wamunyu na tezo yake, akaanza kuchonga sanamu za kuuzia wazungu. Mwanzoni ujuzi ulibaki kwa familia. Lakini kitu inaleta ganji haifichiki kijijini, bana. Majirani wakajifunza, halafu kijiji, halafu vijiji vya kando. Wateja walipoongezeka, wachongaji wakawafuata mpaka Nairobi na Mombasa. Ukienda Gikomba ama Changamwe, bado utasikia tezo zikigonga, na kuna vyama vya ushirika vilivyozaliwa na hiyo kazi.

Usiseme ilikuwa biashara tu. Enzi hizo serikali ya mkoloni ilitaka kodi kwa pesa taslimu, na njia rahisi ya kuipata ilikuwa kwenda kufanyia mlowezi kazi shambani. Mtu mwenye tezo alikuwa na njia nyingine. 1938 mkoloni alipokuja kuchukua ng'ombe wa Wakamba, Muindi Mbingu aliongoza watu wakatembea mpaka Nairobi kukataa. Leo City Market iko kwa barabara yenye jina lake, na ndani kuna vinyago vinauzwa. Muindi alipewa barabara. Mutisya, je?

Sasa ngori iko hapa. Wajuaji wa sanaa waliangalia hizi kazi wakaziita sanaa ya uwanja wa ndege, yaani vitu vya mtalii, si sanaa ya ukweli. Wakauliza mbona Mkamba anachonga Mmaasai. Lakini cheki, karibu 1907 Picasso aliangalia vinyago vya Afrika huko Paris, akabadilisha uchoraji wake, na dunia ikamuita gwiji. Mutisya alichukua wazo kwa jirani yake Mwafrika, akalifanyia kazi, na wao wakaita hiyo bidhaa. Nani alipewa kazi ya kuamua?

Ni ile tu vile watu hudharau wasee wanachora mathree. Ukimchora staa wa Marekani kwa gari ya Rongai, wanasema ni makelele. Miaka ikipita, hiyo hiyo ndiyo inaitwa utamaduni wetu.

Si kila kitu ni poa, lakini. Mpingo na muhugu zilikatwa mpaka zikawa adimu, ndiyo maana siku hizi wachongaji wanatumia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Na broka bado ndiye hushiba, huku aliyekaa chini kwa vumbi akipata makombo.

So siku utasimama kwa kibanda na uanze kupunguza bei, geuza hicho kinyago uangalie chini. Mara nyingi hakuna jina. Basi uliza nani alikichonga. Mutisya hatasikia, ameenda kitambo. Lakini yule ameshika tezo leo atasikia.