Gor Mahia wa Kanyamwa: Mtawala kati ya Watu na Pori

Jina la Gor Mahia linapotajwa nchini Kenya, fikra za wengi huelekea uwanjani, kwenye klabu ya kandanda iliyoundwa mwaka 1968 na kutwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987. Hata hivyo, mwenye jina hilo hakuwa mchezaji. Alikuwa Gor mwana wa Ogada, kiongozi wa Wajaluo wa Kanyamwa, katika eneo ambalo leo ni Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay.

Gor aliishi katika karne ya 19 na kuingia katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Waingereza. Alikuwa ruoth, yaani mtawala; alikuwa pia mganga na mwaguzi aliyeogopwa mbali na kwao. Lakabu ya Mahia inahusu miujiza aliyosadikiwa kuitenda. Masimulizi ya Wajaluo husema kwamba aliweza kujigeuza mnyama, mtoto au kikongwe, hata adui aliyemwendea kwa ubaya asijue amtafute kwa umbo gani.

Wapo wanaoyasadiki masimulizi hayo na wapo wanaoyatupa kama ushirikina. Anthropolojia imefungua njia ya tatu. E. E. Evans-Pritchard, ambaye mwaka 1936 alifanya utafiti kwa Wajaluo, alikuwa amekwisha kuishi na Waazande wa Sudan ya wakati huo. Kwa Waazande, ghala linapoangukia watu, kila mmoja anajua kuwa mchwa wamekula nguzo. Linaloulizwa ni kwa nini lianguke saa ile, juu ya watu wale. Sababu ya kimaumbile haiifuti ile ya kijamii; zote mbili husimama pamoja. Mwaka 2005 Mfaransa Philippe Descola alikwenda mbali zaidi, akautilia shaka mpaka wenyewe unaotenga maumbile na jamii, na kuuona kuwa zao la historia ya Ulaya.

Mpaka huo ulikuwa mwembamba mno katika nchi ya Gor. Ukingo wa Kanyamwa unatazama Bonde la Lambwe, makao ya mbung'o waenezao nagana kwa ng'ombe na malale kwa binadamu. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza mifugo ya Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua watu wanaokadiriwa kuzidi 200,000 upande wa Uganda wa Ziwa Victoria. Mwaka 1971 John Ford alieleza kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa zimejifunza kumzuia mbung'o kwa mpangilio wa makazi, malisho na uchomaji wa vichaka. Kijiji kikihamwa, kichaka hurudi, na mbung'o hurudi nacho.

Katika mazingira ya namna hiyo, kuamua nani akae wapi, ng'ombe walishwe wapi na vita viepukwe lini ni kuamua pia pori liishie wapi. Mtawala hakuamua mambo ya watu pasipo kuamua ya wanyama. Kisa cha Gor kuvaa umbo la mnyama chaweza basi kusomwa kama picha ya cheo chake: mtu aliyetarajiwa kuzijua pande zote mbili, na kuogopwa kwa sababu hiyo.

Utawala wa kikoloni uliyagawa mambo hayo. Chifu alibakiziwa kodi na amri. Uganga uliingizwa katika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925. Pori nalo lilipata wenyewe wapya baada ya uhuru: mwaka 1966 Bonde la Lambwe lilifanywa hifadhi ya wanyama, hasa kwa ajili ya korongo, swala mkubwa aliye adimu nchini, na mwaka 1983 likawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma. Kilichokuwa chini ya kivuli cha mtu mmoja kikawa mafaili ya ofisi tatu, huku wakazi wa ukingoni wakiendelea kuishi na mbung'o yuleyule.

Mgawanyo huo umeingia pia katika usomaji wa fasihi simulizi. Visa vya Gor hukusanywa kama miujiza, na bonde lililovizaa huachiwa wataalamu wa wadudu. Mtafiti anayekwenda Ndhiwa kurekodi kisa cha mtu aliyegeuka mnyama hana budi kuuliza pia mnyama huyo aliishi wapi, alipakana na nani, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuuchora mpaka huo.